Aliyekatiwa Kamba

Kitabu cha Mwingereza Joe Simpson, Touching the Void, kilichotoka mwaka 1988, nimekisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikisoma kama hadithi ya ushujaa, ya pili kama mwalimu, na ya tatu kama mtu mwenye deni.

Mwaka 1985 Simpson na mwenzake, Simon Yates, waliupanda mlima Siula Grande huko Peru, wenye mita 6,344. Wakati wa kushuka Simpson akavunjika mguu. Yates aliunga kamba mbili, kila moja ya futi 150, akachimba kiti katika theluji, akaketi na kumshusha mwenzake. Fundo la maungio lilipofika kwenye chuma cha kuzuia kamba, Simpson alisimama kwa mguu wake mzima ili kamba ilegee na fundo livushwe. Kisha usiku, katikati ya dhoruba, akapitiliza ukingo wa genge, akaning'inia hewani. Hapakuwa na pa kusimama, na fundo likakwama. Alijaribu kuipanda kamba kwa vitanzi vidogo, ufundi anaofundishwa kila anayejiandaa kutembea juu ya mto wa barafu. Lakini vidole vilikuwa vimekufa ganzi, na kitanzi kimoja kikamponyoka. Huko juu kiti cha theluji kilikuwa kinabomoka. Yates akatoa kisu, akakata kamba.

Simpson aliangukia ndani ya ufa wa barafu. Aliposhindwa kupanda alijishusha chini zaidi, akapata njia ya kutokea, kisha akatambaa kwa siku kadhaa hadi kambini.

Wasomaji wengi hubishana kuhusu kisu. Mimi naona ubishi huo umeanzia mwishoni. Gesi iliwaishia mlimani. Bila gesi theluji haiyeyushwi, na bila maji hawakuweza kujichimbia shimo na kungoja dhoruba ipite. Tena walikuwa wawili tu. Katika mafunzo ya uokoaji, mtu akitumbukia ufani, mwenzake hutakiwa kuuzuia uzito wake, kufukia nanga katika theluji, kuuhamishia uzito huo kwenye nanga, ndipo aanze kuvuta. Wakiwa watatu, kazi hiyo hugawanywa. Akiwa mmoja, huenda asiweze hata kuinuka alipolala. Simpson hafichi upungufu wa gesi, ila anaupita upesi. Hapo kitabu kinapwaya. Kijana atakumbuka kutambaa, asikumbuke hesabu ya gesi.

Hata hivyo kitabu hiki kina jambo ambalo sijalikuta kwingine. Sehemu za Yates zimeandikwa kwa nafsi ya kwanza, naye aliyeziandika ni Simpson. Aliyekatiwa kamba ameketi akamsikiliza aliyeikata, kisha akamwazima kalamu yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Simpson alijitahidi kukilalia.

Hapo ndipo penye deni langu. Nikiwa mkuu wa chuo, tuliwapeleka wanachuo wawili kijiji cha mbali kwa mazoezi ya kufundisha. Mmoja akashikwa na malaria kali. Mwenzake alimwacha kitandani, akatembea kutafuta msaada, akachelewa siku mbili. Wanakijiji ndio waliomfikisha mgonjwa zahanati. Nilimsimamisha yule aliyeondoka, kwa kosa la kumtelekeza mwenzake. Sikuuliza kama njia ilikuwa imekatika kwa mvua, wala kama sisi chuoni tuliwapa hata vidonge vya kwenda navyo. Kumbe hatukuwapa.

Mgonjwa alipopona alikuja ofisini kwangu kumsemea mwenzake. Alisimama mlangoni, bado amekonda, akaanza, "Mwalimu, hakunitupa."

Nikamwambia hajaulizwa, arudi darasani.

Wanaofundisha vijana kufunga mafundo wakisome kitabu hiki kwa ajili ya gesi na kamba. Wanaokalia viti vya kuhukumu wakisome kwa ajili ya zile kurasa za Yates. Mimi nilikisoma nikiwa nimechelewa.