Kuijua Kebo Tai Njema: Mwongozo kwa Mnunuzi

Watu wa pwani yetu si wageni wa elimu ya kufunga. Mitepe iliyokuwa ikipasua bahari ya Lamu ilishonwa kwa kamba ya makumbi, ubao kwa ubao, pasipo msumari wa chuma, na hata leo hapana nahodha mwenye akili timamu atakayetoa fedha yake kununua kamba kabla hajaisokota kidoleni, akaivuta, na kuzitazama nyuzi zake. Kwa hiyo hustaajabu nimwonapo mtu hodari wa kupatana bei, ambaye sokoni Darajani hauziwi samaki wa jana kwa jina la samaki wa leo, akiingia duka la vifaa vya umeme na kutoka na pakiti ya kebo tai asiyoitupia hata jicho, eti kwa kuwa ni kitu rahisi na zote ni sawa. Rahisi ni kweli, sawa, hasha.

Kebo tai, kwa asiyepata kuifikiri, ni mkanda mwembamba wa nailoni wenye mkia uliochongoka, meno yaliyopangwa kwa safu upande mmoja, na kichwa chenye tundu. Na ndani ya tundu hilo mmekaa ulimi mdogo, aghalabu usiozidi punje ya mpunga, ambao huyaruhusu meno kupita kwenda mbele na kuyazuia yasirudi nyuma. Sifa zote za kebo tai na aibu zake zote zimo katika mambo mawili: uthabiti wa ulimi huo, na asili ya nailoni iliyofanyiwa. Mengine, yaani rangi, urefu, picha ya pakiti na maneno ya muuzaji, ni mapambo.

Yafaa kukumbuka kwamba kitu hiki hakikuzaliwa katika unyonge. Mwaka 1956 Maurus Logan, mtumishi wa kampuni ya Thomas & Betts ya Marekani, alizuru kiwanda cha ndege cha Boeing, akawakuta mafundi wakifunga maelfu ya nyaya kwa uzi wa nailoni uliotiwa nta, fundo baada ya fundo, hata vidole vikachubuka na viganja vikaota sugu; na mwaka 1958 aliomba hataza ya mkanda wenye kujifunga wenyewe, ambao kampuni yake iliuuza kwa jina la Ty-Rap. Mikanda ile ya awali ilikuwa na jino la chuma kichwani, na mpaka leo Ty-Rap asilia inalo, jambo liwafanyalo wajuzi waiheshimu, kwa kuwa chuma huuma mkanda mahali popote bila ya kungoja safu ya meno. Mkanda uliobuniwa kwa ajili ya ndege, ambako nyaya zikilegea roho za watu zimo hatarini, ndio leo unaoshika bampa la bajaji, kibao cha nambari cha bodaboda, waya wa antena juu ya paa la mabati, na wavu wa banda la kuku.

Nailoni yenyewe ilipatikana katika maabara ya DuPont mwaka 1935, katika utafiti ulioongozwa na Wallace Carothers, nayo ndiyo ile iitwayo 6.6, ambayo hata leo ndiyo mada bora ya kufanyia kebo tai: huyeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 260 za Selsiasi, ilhali dada yake, nailoni 6, huyeyuka karibu na nyuzi 220 na hulegea mapema zaidi penye joto. Mtengenezaji mwaminifu huandika PA66, yaani nailoni 6.6, kwenye pakiti, na baadhi yao huichonga rajamu yao juu ya kichwa cha kila mkanda, kwa maandishi madogo yahitajiyo miwani. Asiye mwaminifu naye hukusanya mabaki ya viwandani na plastiki iliyokwisha kutumika, akaisaga na kuiyeyusha upya, ama huichanganya nailoni na plastiki nyingine iliyo rahisi. Na kwa kuwa kila mara plastiki iyeyushwapo nguvu yake hupungua, mkanda utokao huko una sura ya kebo tai bila ya kani yake.

Basi hadaa hiyo hutambulikanaje? Jicho ndilo shahidi wa kwanza. Ichukue kebo tai nyeupe, uielekeze penye mwanga: nailoni safi ina weupe wa maji ya mchele, nayo hupitisha nuru kidogo, sawasawa toka mkiani hadi kichwani. Ukiona umanjano wa moshi, madoadoa meusi, au viputo vya hewa vilivyonaswa ndani ya mkanda, rudisha pakiti. Kisha pitisha kidole ukingoni. Mkanda mwema una kingo laini zilizoviringwa, kwa sababu kazi yake ni kukumbatia ganda la waya bila ya kulikata. Mkanda duni una ukingo wenye ndevu za plastiki zilizovuja kutoka kwenye kalibu iliyochakaa, na kalibu iliyochakaa haiwezi kutoa meno yaliyo kamili. Meno nayo yatazame: yawe makali, ya kimo kimoja, yasiyo na pengo.

Shahidi wa pili ni maji, na hapa ndipo ninapopenda kumwomba mwenye duka glasi, hata akanitazama kwa shaka. Nailoni ni nzito kuliko maji, kwa hiyo huzama. Polipropilini ni nyepesi, kwa hiyo huelea. Itose kebo tai, uifute viputo vya hewa kwa kidole, nawe utajua mara moja kama umeuziwa polipropilini kwa jina la nailoni. Si kwamba polipropilini haina heshima yake, la, kwani hustahimili tindikali ambayo huila nailoni, na karibu na betri za gari zenye tindikali, polipropilini ndiyo ifaayo; lakini nguvu yake ni haba, na kuiuza kwa jina lisilo lake ni ghushi tupu. Tahadhari lakini: nailoni mbovu iliyosagwa nayo huzama, kwa hiyo glasi ya maji humfichua mwongo mmoja na kumwacha mwingine.

Wa tatu ni kukunja, na ndio mtihani ninaouamini kuliko yote. Ukunje mkanda katikati hata pande zake zigusane, ubane kwa vidole, kisha uukunje upande wa pili. Ulio mwema huonyesha msitari mweupe na kubaki mzima. Ulio duni hukatika kwa mlio mkavu. Hapo ndipo wengi hutoa hukumu ya haraka na kukosea insafu, kwa sababu hawajui tabia moja ya ajabu ya nailoni, nayo ni kwamba unyevu ndio uhai wake. Nailoni 6.6 hufyonza maji kutoka hewani, kiasi cha sehemu mbili na nusu katika mia hali ya hewa iwapo ya wastani, na maji hayo ndiyo yaipayo ulaini na ustahimilivu. Yakitoka, mkanda ulio bora kabisa huwa mkavu na kuvunjika kama kijiti. Ndiyo maana viwanda huzifunga kebo tai katika mifuko iliyozibwa barabara, na ndiyo maana pakiti iliyopasuliwa na kuning'inizwa dukani Dodoma muda wote wa kiangazi itakuvunja moyo, ilhali ndugu yake iliyokaa Tanga au Mombasa, penye hewa ya bahari, ingali laini.

Kwa hiyo mkanda ukikatika usiutukane bado. Ichukue michache ya pakiti ileile, uiloweke katika maji usiku kucha, kisha ukunje tena. Ikiwa imerudiwa na ulaini wake, ilikuwa kavu tu, na muuzaji anastahili kupewa nasaha ya kuhifadhi. Ikiwa ingali yakatika, basi asili yake ni mbovu na maji yote ya Rufiji hayataitakasa. Ubora wa mada na hali ya mada ni mambo mawili mbalimbali, na mwenye kuyatenganisha hawezi kuhadaika upesi.

Baadaye ufunge. Zungusha kebo tai kwenye bomba au kipini cha nyundo, ingiza mkia kichwani, uvute polepole huku ukisikiliza: ulimi mwema hutoa mlio wa mfululizo ulio sawa, jino baada ya jino. Ukisikia kimya kinachofuatwa na mruko, ulimi hauyashiki meno yote. Kisha jaribu kuurudisha nyuma, kwa nguvu, na uupinde mkanda kushoto na kulia palepale kichwani, maana huko ndiko zilizo hafifu hujisaliti. Mkanda ukirudi hata jino moja, hauna kazi kwako.

Ama kuhusu nguvu, pakiti ya heshima hutaja uzito ambao pete iliyofungwa itastahimili kabla ya kukatika. Vipimo vya kawaida ni hivi: upana wa milimita 2.5 hustahimili kilo 8 hivi, milimita 3.6, kilo 18, milimita 4.8, kilo 22, na milimita 7.6, kilo 55. Pakiti isiyotaja uzito wowote imekwisha kutoa ushahidi dhidi yake yenyewe. Wako wauzaji waupunguzao upana kwa siri, wakaandika 4.8 juu ya mkanda wa milimita 4 au pungufu, kwa hiyo rula ndogo mfukoni si kiburi. Nami nasema pasipo shaka kwamba mkanda mwembamba wa nailoni safi ni bora kuliko mpana wa nailoni ya mabaki, kwa sababu upana huonekana na mabaki hayaonekani, na mnunuzi hutozwa fedha kwa kile akionacho.

Urefu hauhitaji maneno mengi: pima unene wa kitu utakachofunga, zidisha kwa tatu na ushei, ongeza kipande cha kushikia. Mzigo wa nyaya wenye kipenyo cha milimita 50 unataka mkanda wa milimita 200.

Jua ndilo hasimu mkubwa, na katika nchi zilizo chini ya ikweta hapana shaka ya hasimu huyo. Mwale wake huila nailoni nyeupe, hata mkanda uliofungwa juu ya paa ukawa na nyufa, ukageuka unga, na ukaanguka pasipo kuguswa. Dawa yake ni masizi ya kaboni, kiasi cha sehemu mbili katika mia, yanayochanganywa na nailoni ili kuuzuia mwale. Nayo ndiyo sababu ya kebo tai za nje kuwa nyeusi. Lakini weusi si dhamana, kwani rangi ya kawaida nayo yaweza kuwa nyeusi, na jicho haliwezi kutofautisha masizi na rangi. Hapa mnunuzi hana budi kutegemea maandishi ya pakiti yatajayo kinga ya mwale wa jua, na jina la mtengenezaji mwenye sifa ya kulinda, kama vile HellermannTyton au Panduit. Na kwa mafundi wa sola nina neno la ziada: paneli huuzwa kwa ahadi ya miaka 25, na kebo tai ya kawaida ya nailoni, hata nyeusi, haiwezi kuahidi hivyo; kwa hiyo nyaya za chini ya paneli zastahili vibanio vya chuma kisichoshika kutu, na karibu na bahari kiwe cha daraja la 316.

Sasa bei. Bei ya insafu haisomwi juu ya pakiti, bali hupatikana kwa kugawanya: gawanya bei kwa idadi ya mikanda, na uihesabu idadi hiyo kwa mkono wako, kwa kuwa mia ya pakiti si lazima iwe mia ya hesabu. Kisha ujiulize mkanda utakaa wapi. Kwa nyaya za redio zilizo nyuma ya kabati, ndani ya nyumba, hapana haja ya kulipia jino la chuma wala nailoni ya ndege. Chukua ile ya bei ya chini ipitayo mtihani wa kukunja, nayo itaaushi miaka mingi. Kwa pikipiki, paa, uzio na mashua, bei ya chini ni ghali, kwani fundi atafunga mbili mahali pa moja, na mwakani atapanda ngazi tena. Usinunue pakiti ya elfu kwa tamaa ya nafuu ya jumla ikiwa matumizi yako ni kidogo, maana nusu yake itakauka. Nunua ya mia, na kila uifunguapo uifunge tena kwa kubana mdomo wa mfuko, na huko bara penye ukame utie ndani kitambaa chenye unyevu kidogo. Wala usiitumie mara ya pili ile uliyoifungua kwa kuuinua ulimi kwa sindano: ulimi uliokwisha kupindwa kwa nguvu haurudii imani yake.

Ukimaliza kufunga, kata mkia kwa koleo ya kukatia nyaya, ukiilaza sambamba na kichwa ili usiachwe mwiba wa nailoni, kwani mwiba huo hupasua mkono wa fundi ajaye kama wembe. Na vipande mlivyokata, enyi mafundi, viokoteni: nailoni haiozi, na mbuzi na kuku wa mtaani hawajui kuichagua katika chakula chao.