Mtungi wa Nyanya Upimwe kwa Haki

Nyanya yangu alihamia Lumakanda miaka ya 1960, mashamba ya walowezi yalipokatwa vipande na kugawiwa familia zilizotoka vijiji vilivyosongamana vya kusini. Mtungi wake wa maji alisafiri nao mapajani. Sasa uko kwangu, na tangu unifikie, majirani waliorithi vyombo kama huu huniletea vyao na kuuliza: hiki ni kizuri kweli, au ni mapenzi tu yanayotufumba macho?

Ni swali la haki. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Mama aliyefinyanga kwa ajili ya soko aliuza vilivyo bora na kubaki na kilichopinda mdomo. Kwa hiyo ikiwa marehemu wako alikuwa mfinyanzi, huenda umeachiwa kile ambacho mnunuzi alikikataa. Kipende, lakini kijue.

Anza kwa mkono, macho yangoje. Tia mkono ndani hadi begani mwa chungu na upapase polepole. Vyungu vya kwetu havikuzungushwa kwenye gurudumu. Vilijengwa kwa mikunjo ya udongo iliyopandishwa mmoja juu ya mwingine, kisha ukuta ukakwanguliwa kwa kipande cha kibuyu. Mfinyanzi hodari huacha ukuta wenye unene uleule kuanzia tumboni hadi shingoni. Asiye hodari huacha mafundo pale mikunjo ilipounganishwa, na ufa huanzia hapohapo. Chini kidogo ya shingo, mahali ambapo kibuyu hakikufika vizuri, utakuta vibonyeo vya vidole. Hivyo si kasoro. Kwenye mtungi wa nyanya viko vinne, na kidole changu cha shahada hakiingii chote katika kimojawapo. Aliyeufinyanga alikuwa na mkono mdogo.

Halafu tazama nakshi. Nyingi zilipigwa kwa kamba fupi iliyosokotwa, ikabingirishwa juu ya udongo mbichi kuzunguka shingo. Usihukumu upande wa mbele. Uzungushe mtungi mpaka uone mwanzo na mwisho wa mstari vinapokutana. Fundi wa kweli hukutanisha safu kwa safu. Mwenye haraka huacha pengo, au hurudia juu ya alama za kwanza. Kwa maoni yangu hakuna sehemu ya chungu inayosema ukweli kuliko hiyo.

Mtungi ukiwa mkavu na mtupu, uweke juu ya ngata na uugonge kwa kifundo cha kidole. Sauti iliyo wazi ni dalili ya moto wa kutosha na ukuta mzima. Sauti iliyozibwa ni ufa, au udongo ambao haukuiva. Ila usitarajie mlio wa kikombe cha kiwandani: moto wa wazi wa kuni na nyasi kwa kawaida hufika kati ya nyuzi 600 na 900 hivi, na haukai muda mrefu.

Madoa meusi yanawasumbua wengi, nao huyasugua kwa mchanga. Tafadhali, acheni! Ni alama za mahali ambapo moshi ulishika na hewa ikakosekana. Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na anayefanya kazi Uingereza, hupata weusi wake kwa makusudi kwa njia hiyohiyo: huchoma tena chombo chekundu katika moto ulionyimwa hewa. Kazi zake zimewekwa katika makumbusho makubwa, nazo pia hujengwa kwa mkono.

Kwa mtungi wa maji, kipimo cha mwisho ni jasho. Ujaze jioni, uutazame asubuhi. Ukiloa sawasawa kote, ni mzima, na maji yatakuwa baridi, kwa sababu unyevu unaokauka nje huondoka na joto la ndani. Unyevu ukijipanga katika mstari mmoja, hapo pana ufa. Upumzishe, usiutie maji tena. Na hii ndiyo sababu nachukia kuona mitungi ya marehemu ikipakwa rangi ya mafuta au vanishi ili ing'ae sebuleni. Vinyweleo vikizibwa, mtungi hautoi jasho tena. Umegeuka pambo.

Ukivunjika, usitupe vigae. Wako wafinyanzi wanaosaga vigae vikuukuu na kuvichanganya na udongo mpya ili chungu kisipasuke motoni. Wafinyanzi wa Ilesi, karibu na mji wa Kakamega, bado wako kazini, wapelekee, uwaulize.

Jambo moja lisingoje. Andika kwenye karatasi jina la marehemu, kijiji alikotoka, na mahali mtungi ulipopatikana, kisha uitie ndani ya mtungi mkavu. Fanya hivyo wiki hii, wakati shangazi zako bado wanakumbuka.