Takhmisa ya Nyuzi: Gitaa la Jazi katika Filamu ya Jeff Beck ya Kumuenzi Les Paul

Ikisiri

Makala haya yanahakiki filamu ya onyesho ambalo Jeff Beck, mpiga gitaa wa roki kutoka Uingereza, alilifanya mwaka 2010 kumuenzi Les Paul. Kwa kutumia dhana ya takhmisa, makala yanadai kwamba heshima inayotangazwa na jina la filamu na heshima inayosikika katika nyuzi hazielekei kwa mtu mmoja. Jazi iliyo hai zaidi katika filamu hiyo imo katika wimbo usiotokana na Les Paul.

Tarehe 8 na 9 Juni 2010, Beck alipiga muziki katika ukumbi wa Iridium, New York. Les Paul, mzaliwa wa Waukesha, Wisconsin, alikuwa amefariki Agosti 2009. Laiti angalikuwa hai, usiku wa pili wa onyesho angalitimiza miaka 95. Ukumbi wenyewe ndio aliokuwa akipiga kila Jumatatu katika miaka yake ya mwisho. Filamu ilitolewa mwaka 2011 kwa jina la Rock 'n' Roll Party. Pamoja na Beck wamo mwimbaji Imelda May wa Ireland na bendi yake, mpiga piano Jason Rebello, na wageni kama Brian Setzer, Gary U.S. Bonds na Trombone Shorty.

Jina hilo linastahili kutiliwa shaka. Aliyeandaliwa karamu ya rock 'n' roll ni mtu aliyejifunza kazi yake katika muziki wa mashambani na katika jazi, aliyemhusudu Django Reinhardt, na ambaye tarehe 2 Julai 1944 alipiga Los Angeles katika onyesho la kwanza la Jazz at the Philharmonic, akijibizana na piano ya Nat King Cole. (Beck, kwa bahati, alikuwa na umri wa siku 8.) Msomaji wa Afrika Mashariki anahitaji tahadhari ndogo hapa. Kwetu neno hili lilibandikwa kwenye majina ya bendi za dansi, Western Jazz, Kilwa Jazz, Morogoro Jazz, ambazo muziki wake ulikuwa karibu zaidi na rumba. Katika makala haya, jazi ni ile sanaa ya Wamarekani Weusi ambayo mhimili wake ni utunzi wa papo kwa papo juu ya mfuatano wa kordi unaojulikana.

Wahakiki wengi wangeiendea filamu hii kwa nadharia ya mwingilianomatini. Nadharia hiyo inatosha kuonyesha kwamba matini moja imo ndani ya nyingine, lakini haisaidii sana kupima ubora wa huko kuingiliana. Fasihi ya Kiswahili ina kipimo kikali zaidi. Katika takhmisa, mshairi huichukua kazi ya mtangulizi wake, akaiacha mistari yake mizima, kisha akatanguliza mistari yake mwenyewe hadi ubeti utimie mistari mitano. Ndivyo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anavyosifika kuutendea utungo wa Liyongo. Utanzu huu una mambo mawili yanayotufaa. Kwanza, kunakili si aibu, kwa kuwa maneno ya mtangulizi hayaguswi. Pili, kunakili peke yake si kazi: anayepimwa ni mtu wa mistari ile mipya, anayelazimika kuvifuata vina vya mwenzake na bado awe na lake la kusema.

Tuanze na wimbo unaobeba uzito wa sherehe, yaani How High the Moon. Ulitungwa na Morgan Lewis kwa maneno ya Nancy Hamilton, ukatolewa Broadway mwaka 1940. Les Paul na Mary Ford waliurekodi mwaka 1951, nao ukakaa kileleni mwa orodha ya Billboard kwa majuma 9. Fahari ya rekodi hiyo ni tabaka. Magitaa yote ni ya mtu mmoja, na sauti zote ni za mwanamke mmoja, zikipandishwa moja juu ya nyingine kwenye utepe wa sumaku. Beck alisimulia kwamba aliusikia redioni akiwa mtoto wa miaka 6 hivi, mama yake akamwambia kuwa ile sauti ni hila tupu. Hila hiyo ndiyo iliyomnasa.

Kazi ya tabaka haihamishiki jukwaani kwa urahisi. Les Paul mwenyewe alihangaika na tatizo hilo, akabuni chombo alichokiita Les Paulverizer ili aziite sauti zilizorekodiwa huku akipiga. Filamu inalitatua kwa njia inayofanana na hiyo: sauti za kuitikia za Imelda May zilirekodiwa mapema, naye anaimba juu yake. Kwa hiyo mtazamaji anaona kinywa kimoja na kusikia vinywa kadhaa. Jambo hili lisichukuliwe kuwa udanganyifu. Kwa hakika ndiyo sehemu iliyo aminifu zaidi kwa Les Paul, kwa sababu inairejesha hila yake hadharani, tena mbele ya kamera, ambako mwimbaji hawezi kujificha.

Gitaa linaleta swali gumu zaidi. Beck anaifuata solo ya mwaka 1951 kwa uaminifu mkubwa, mikwaruzo na miporomoko yake yote. Umahiri hauna shaka. Lakini pale ambapo mpiga jazi angeutumia mfuatano ule wa kordi kama uwanja wa kusema lake, Beck ananukuu. Kwa kipimo cha takhmisa, hapa tuna mistari ya mtangulizi bila mitatu ya mbele. Inafaa kukumbuka pia chombo alichokishika. Sahihi ya Beck, kwa miongo mingi, ilikuwa Stratocaster iliyopigwa kwa vidole vitupu, huku mkono wa chuma unaotikisa nyuzi ukiifanya noti ilie kama koo la mtu. Katika sehemu hii anashika gitaa la Les Paul, ambalo kwa kawaida halina mkono huo. Ameweka chini ulimi wake ili aseme kwa ulimi wa mzee wake. Ni tendo la unyenyekevu, na unyenyekevu una gharama yake.

Hasara haimwangukii Beck peke yake. Kabla Les Paul na Mary Ford hawajaurekodi, How High the Moon ulikuwa umekwisha kuwa matini ya wapigaji wa bebop. Juu ya kordi zake ndipo Charlie Parker alipopigia Ornithology. Kuchagua toleo la 1951 kuwa ndilo asili, na kulitunza kama hati ya kale, kunaufuta mjadala huo na watu weusi walioufanya. Waandaaji hawakuwafungia mlango wasanii weusi: Bonds na Trombone Shorty wamo. Hata hivyo Les Paul anayekumbukwa hapa ni fundi wa utepe na mume wa Mary Ford. Yule kijana wa 1944, aliyekuwa akirushiana vijembe vya muziki na Cole huku Illinois Jacquet akiwatia moto wasikilizaji, hayumo.

Vipande vingine vya Les Paul na Mary Ford, kama Vaya con Dios na Bye Bye Blues, vinafuata mkondo uleule, na rockabilly ya mwanzoni ni burudani safi isiyodai uhakiki mrefu.

Cry Me a River ni habari nyingine. Wimbo huu wa Arthur Hamilton ulijulikana kwa rekodi ya Julie London ya mwaka 1955, ambamo mwimbaji amezungukwa na watu wawili tu: Ray Leatherwood kwenye besi na Barney Kessel kwenye gitaa. Kessel alizaliwa Muskogee, Oklahoma, na akiwa kijana alikutana na Charlie Christian, aliyekulia Oklahoma City na kufariki mwaka 1942 akiwa na miaka 25. Christian ndiye aliyelifundisha gitaa la umeme kusema kama saksafoni. Mwaka 1956 London aliuimba wimbo huo katika filamu The Girl Can't Help It, akiwa mzuka anayemwandama mhusika wa Tom Ewell. Filamu hiyo ya rock 'n' roll ilipendwa mno na vijana wa Uingereza wa rika la Beck, na wimbo unaoipa filamu jina nao umo katika onyesho la Iridium. Hivyo gitaa la Kessel, na nyuma yake kivuli cha Christian, liliwafikia vijana hao kupitia mlango wa roki.

Katika wimbo huu karamu inanyamaza. May anashusha sauti, na gitaa linakaa chini yake, likijibu pale tu mwimbaji anapovuta pumzi. Hakuna solo mashuhuri ya kutunzwa, kwa kuwa Kessel hakuacha solo ya namna hiyo; aliacha namna ya kusikiliza. Hiyo haiwezi kunukuliwa. Mtu hana budi kuitenda upya kila usiku, kwa mwimbaji aliye mbele yake. Hapa Beck wa Blow by Blow (1975) anarudi, yule aliyediriki mwaka 1976, katika Wired, kuupiga Goodbye Pork Pie Hat, maombolezo ya Charles Mingus kwa Lester Young, bila kujifanya Mingus. Mistari ya mtangulizi imebaki mizima, na ile mingine ni ya Beck.

Jina la Kessel halimo katika jina la filamu, wala la Christian. Mwenye kuujua ubeti ndiye atakayewatambua.