Stuttgart 1993: Hesabu ya Kijiti

Katika mashindano ya dunia ya riadha yaliyofanywa Stuttgart, Ujerumani, mwezi wa Agosti 1993, wanawake wanne wa Urusi, nao ni Olga Bogoslovskaya, Galina Malchugina, Natalya Voronova na Irina Privalova, walishinda mbio za kupokezana vijiti za mita 100 mara nne kwa sekunde 41.49, na Wamarekani waliowafuata wakaandikiwa muda ule ule, hata ikalazimu picha ya mstari wa mwisho iamue. Mwenye kutazama majina peke yake asingalidiriki kulibashiri jambo hilo, kwani Marekani ilikuwa na Gail Devers, aliyekwisha kutwaa dhahabu ya mita 100 papo hapo Stuttgart, na Gwen Torrence aliyepata shaba, ilhali Privalova, hodari wa Warusi, alitoka mikono mitupu katika mbio hizo za mmoja mmoja.

Sekunde 41.49 zikigawanywa kwa wanne, kila mmoja hupata takriban 10.37, na muda huo hakuna mwanamke aliyeufikia peke yake: rekodi ya dunia ya Florence Griffith-Joyner ni 10.49, na muda bora wa Privalova, alioupata Lausanne mwaka 1994, ni 10.77. Hapana muujiza, watatu wa nyuma hawaanzi wakiwa wamesimama, bali hupokea kijiti wakiwa tayari mbioni, kwa hiyo saa hupima mwendo wa kijiti zaidi kuliko mwendo wa mtu.

Sheria ya zama zile iliweka eneo la kupokezana la mita 20, na nyuma yake mita 10 za kuchukulia kasi. Mpokeaji hubandika utepe chini, na mwenzake akiufikia, yeye hufyatuka kwa nguvu zake zote bila kutazama nyuma, mpaka asikie sauti, ndipo anyooshe mkono. Akiwahi kuondoka, hafikiwi, na kijiti kikivuka eneo kabla hakijamfikia mkononi, timu nzima hufutwa. Akichelewa, wawili husongamana, na kasi iliyochumwa kwa taabu hupotea mara moja. Mikono nayo ina utaratibu: aghalabu wa kwanza na wa tatu, wakimbiao konani, hukishika kwa kulia, wapate kuambaa ukingo wa ndani, na wa pili na wa nne kwa kushoto, ili pasiwe na haja ya kukihamisha. Timu yenye watu wepesi zaidi ikisawazishwa na timu iliyo nyuma yake kwa majina, basi mimi siioni sababu pengine ila katika maeneo yale matatu.

Kumweka Privalova mwisho kulihitaji ujasiri. Mtu huyu, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 60 ndani ya ukumbi, sekunde 6.92, huko Madrid mwaka huo huo, wengi wangalimpa nafasi ya kwanza kwa ajili ya mfyatuko wake. Lakini alipata pia shaba ya mita 200 pale Stuttgart, na mwenye kuihifadhi kasi hivyo ndiye afaaye kufukuzwa na Devers, aliyewamalizia Wamarekani.

Miaka saba baadaye, katika Olimpiki ya Sydney, Privalova, akiwa na umri wa miaka 31, alishinda mita 400 za viunzi kwa 53.02, mbele ya Deon Hemmings, bingwa wa Olimpiki ya Atlanta. Viunzi ni kumi, cha kwanza mita 45 kutoka mwanzo, vinavyofuata kila mita 35, na kila kimoja humdai mkimbiaji sehemu ya mwendo wake. Siku chache baadaye alimalizia mita 400 mara nne, Urusi ikapata shaba; na katika mbio hizo mpokeaji hugeuka akamtazama mwenzake, maana yule ajaye amechoka, na hakuna utepe uwezao kuikadiria kasi iliyombakia.