Ndani ya Jino la Mtoto

Kwetu watoto wengi jino likitoka hulirusha juu ya paa, yakaisha. Songtao Shi, daktari wa meno ya watoto aliyekuwa mtafiti huko Bethesda, Marekani, alimsaidia binti yake wa miaka 6 kung'oa jino lililolegea, kisha wakakaa wote wawili kulitazama. Ndani mlikuwa na nyama nyekundu. Kesho yake akaenda nalo maabara. Mwaka 2003 yeye na wenzake wakatangaza kwamba nyama ile ina seli shina, yaani seli zinazoweza kuzaana na kugeuka kuwa seli za aina nyingine.

Ninachokistahi zaidi ni mikono inayofanya kazi ya kuzitoa na kuzilea seli hizi. Jino la utoto hudondoka mzizi wake ukiwa umeshaliwa na mwili wenyewe, limebaki taji tu lenye kishimo. Humo ndimo nyama inamochomolewa, kipande kidogo mno. Huloweshwa katika vimeng'enya kwa muda wa saa 1 hivi, kwenye nyuzi 37, joto la mwili, mpaka seli ziachane. Ukizidisha muda, unaziua. Katika jino moja la mbele, Shi na wenzake walipata seli 12 hadi 20 tu zenye uwezo wa kushika na kuzaana. Basi zinalelewa. Kimiminika cha kuzilea ni cha rangi ya waridi. Kikianza kugeuka manjano, tindikali imezidi, na watafiti hukitoa polepole, wakaweka kingine, bila kuzigusa seli zilizojishikiza chini ya kisahani.

Nyama ya jino na sehemu ya neva za mwili hutoka katika tishu moja ya kiinitete. Ndiyo maana watafiti wa Parkinson, ugonjwa unaoua seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, wakazigeukia seli za meno. Huzipa protini zilezile zinazouongoza ubongo wa kijusi unapokua, siku baada ya siku, hadi zianze kufanana na seli za neva. Panya aliyeharibiwa upande mmoja wa ubongo, akichomwa dawa ya kumpima, huzunguka duara bila kukoma. Waliopandikizwa seli za meno walipunguza kuzunguka.

Hao ni panya. Mgonjwa anayetetemeka mkono leo asiuziwe jambo hili kama tiba iliyokwisha kuiva. Huo ni ukatili. Kazi kubwa bado iko kwenye visahani, na seli hazijui sikukuu: hata Jumapili asubuhi, mtu huja, huvaa glavu, hufungua mlango wa kabati la joto na kutazama rangi.