Tarakimu Ndogo Kando ya Nota

Mpiga kinanda akiona E imeandikwa katika nafasi ya juu kabisa ndani ya mistari mitano, hana la kujiuliza. Nota hiyo ina kibao kimoja, na kibao hakihami. Mpiga gitaa hana raha hiyo. E hiyohiyo kwenye karatasi yake anaweza kuidonoa kwenye uzi wa kwanza bila kubonyeza chochote. Akitaka, ataipata kwenye freti ya 5 ya uzi wa pili, au ya 9 ya uzi wa tatu, au ya 14 ya uzi wa nne, na akiwa na sababu ya kujitesa, kwenye freti ya 19 ya uzi wa tano, kule mwisho juu ya tumbo la gitaa. Kimo cha sauti ni kimoja kote huko, ila tabia ni mbalimbali. E ya uzi wa kwanza inang'aa, lakini ni kavu, na haiwezi kutetemeshwa kwa kuwa hakuna kidole kilichoishika. Ya uzi wa pili imeshiba. Ya uzi wa tatu ni nzito, ina giza kidogo, na inazimika mapema. Nota iliyochapwa haina habari na hayo yote. Inasema E, basi.

Ndiyo maana kurasa za gitaa la klasiki zimejaa tarakimu, viherufi na miduara ambayo mgeni huiona kama takataka zilizomwagikia muziki. Kazi ya kuziandika alama hizo ni ufundi kamili, na aghalabu jina la fundi wake huchapwa kwa herufi ndogo pembeni, mbali na jina la mtunzi. Wengi hatulisomi.

Alama zenyewe si nyingi. Tarakimu tupu kando ya nota ni ya mkono wa kushoto: 1 ni kidole cha shahada, 2 cha kati, 3 cha pete, 4 cha mwisho. Gumba halina namba kwa sababu liko nyuma ya shingo ya gitaa, likishikilia tu. Aliyeanzia kwenye kinanda husumbuka hapa, maana kule gumba ndilo namba 1. Sifuri ni uzi ulioachwa wazi. Tarakimu iliyofungiwa kwenye duara haihusu kidole bali uzi: 3 ndani ya duara ni uzi wa tatu, hata kama kuna njia rahisi zaidi ya kuipata nota hiyo. Kistari kifupi mbele ya namba kinasema kidole hicho kisinyanyuliwe, kiteleze juu ya uzi hadi mahali pake papya.

Halafu kuna namba za Kirumi, na hapa ndipo pana mtego. V iliyoandikwa juu ya mistari inataja nafasi ya mkono, yaani kidole cha 1 kimepewa freti ya 5, cha 2 ya 6, cha 3 ya 7, cha 4 ya 8. Haisemi kwamba kidole cha 1 kinabonyeza. Kinaweza kuwa hewani muda wote, lakini eneo ni lake. Ikitanguliwa na herufi C ndipo kidole hicho kinalazwa juu ya nyuzi kwenye freti hiyo, kama Wahispania walivyozoea kuandika. Matoleo mengine hutumia B. Kwa sisi ambao gitaa tulilijua kwanza kwa majina ya kodi, C, F, G, herufi hiyo ni balaa. Kijana aliyepigia kwaya miaka mitano akiona CV hukimbilia kodi ya C, kisha anashangaa muziki umeharibikaje.

Mkono wa kulia unaandikwa kwa herufi za Kihispania: p ni gumba, i shahada, m cha kati, a cha pete. Kidole cha mwisho hutumika kwa nadra mno hata waandishi hawajakubaliana kukipa herufi moja. Katika Recuerdos de la Alhambra ya Francisco Tárrega, gumba linatembea na nyuzi za chini huku a, m, i zikirudia nota moja juu yake kwa kasi, mpaka sikio linaamini uzi unaimba bila kukatika. Ukizibadili herufi hizo tatu, nota hazitabadilika hata moja, lakini hilo sikio litaanza kuhesabu midono.

Tárrega huyohuyo, aliyeishi kuanzia 1852 hadi 1909, ametuachia Lágrima, kipande kifupi ambacho wanafunzi wengi hukipiga mapema. Mizani yake ya kwanza inatosha kuonyesha upangaji wa vidole ni kazi ya namna gani. Juu, kwenye uzi wa kwanza, kuna nota tatu zinazopanda: G shapu freti ya 4, A freti ya 5, B freti ya 7. Chini yake, kwenye uzi wa nne, besi nayo inapanda: E freti ya 2, F shapu freti ya 4, G shapu freti ya 6. Katikati, baada ya kila jozi, uzi wa pili unalia ukiwa wazi.

Mtu mwenye akili ya kawaida atasema kila kidole kikae kwenye freti yake. Basi G shapu ya juu aipe kidole cha 3, A aipe cha 4, kwa kuwa freti zao zimepakana. Jozi ya kwanza inatoka vizuri. Jozi ya pili inamuumbua: F shapu ya besi iko freti ya 4, na mwenye freti ya 4 ni kidole cha 3, ambacho bado kimeshikilia uzi wa kwanza. Inabidi kiruke nyuzi mbili kwenda kutua kwenye uzi wa nne, na katika kuruka huko wimbo wa juu unakatika. Mpangilio mwingine unaanza kwa jambo linaloonekana la kipuuzi: nota ya kwanza ipewe kidole cha 4, kidogo na dhaifu kuliko vyote, na besi ipewe cha 2. Kisha cha 4 hakinyanyuki tena. Kinateleza kutoka freti ya 4 hadi ya 5 hadi ya 7, kikiwa na kistari mbele ya namba yake, na kidole cha 3 kinakisindikiza kwenye besi, freti ya 4 kisha ya 6. Mkono umehama kutoka nafasi ya I hadi ya II hadi ya IV, na msikilizaji hana habari. Ile B ya katikati, yenye sifuri kando yake, haihitaji kidole. Inaendelea kulia wakati mkono ukihama na kuziba pengo.

Yaani sababu ya ile 4 ya kwanza iko mbele, kwenye jozi ambayo bado haijapigwa. Mcheza bao mzoefu hachukui kete kabla ya kuona zitakapoishia, na mpangaji wa vidole hufanya vivyo hivyo, anaanzia mwisho wa fungu la muziki na kurudi nyuma. Ukikutana na namba inayokukera, usiifute kwanza. Soma mizani mbili za mbele.

Lakini baada ya kusoma, una haki ya kuikataa. Hapa mimi si muumini wa kitabu chochote. Mpiga gitaa Andrés Segovia alichagua mazoezi 20 ya mtunzi Fernando Sor, akayapanga vidole, na toleo hilo la 1945 likawa msaafu wa wanafunzi duniani kote. Lina mambo mazuri mno. Lakini Sor, katika kitabu chake cha mafunzo kilichotoka Paris mwaka 1830, anaeleza kwamba mkono wake wa kulia ulitegemea gumba, shahada na kidole cha kati, na cha pete alikiita kazini kwa nadra. Gitaa lake lilikuwa dogo, lenye nyuzi za utumbo, na hakupiga kwa kucha. Segovia alikuwa na gitaa kubwa, kucha, na ukumbi mkubwa wa kujaza. Namba zake zinaeleza jinsi Segovia alivyomsikia Sor, na anayezifuata bila kuuliza anapiga watu wawili kwa pamoja.

Segovia mwenyewe alijua mpaka uko wapi. Heitor Villa-Lobos alipomwandikia mazoezi 12, yaliyochapishwa mwaka 1953, Segovia aliandika dibaji na kueleza kwamba hakutaka kubadili vidole vilivyowekwa na mtunzi, kwa kuwa Mbrazili huyo alilijua gitaa na alikuwa na sababu zake. Katika zoezi la kwanza sababu hizo ziko wazi. Mkono wa kulia umeandikiwa mfuatano mmoja, p i p i p m i a kisha m a i m p i p i, nao unarudiwa karibu kipande chote huku mkono wa kushoto ukibadili kodi. Ondoa mfuatano huo uone kama kunabaki zoezi.

Wako pia waliopiga bila karatasi, na vidole vyao vikaandikwa na wengine baadaye. Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke, mwimbaji wa Kiswahili kutoka Katanga, alipiga Masanga mbele ya mashine ya kurekodia ya Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 kwa gumba na shahada tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtafiti wa muziki David Rycroft aliketi na santuri za Mwenda akaziandika kwa nota. Kazi hiyo ni ngumu kuliko ya kumpangia Sor, kwa sababu kimo cha sauti unakisikia, ila uzi na kidole inabidi uvikisie kwa rangi ya sauti na kwa kile mkono unachoweza kufikia.

Mwalimu wa klasiki akipata Masanga kwenye karatasi atashawishika kuongeza m na a ili kurahisisha mwendo. Kwa vidole vinne inapigika kwa wepesi zaidi, kweli. Lakini shahada inayofanya kazi ya vidole vitatu huchelewa kidogo hapa, hupiga kwa nguvu kidogo pale, na gumba halisubiri. Mimi ningeandika p na i mwanzoni mwa ukurasa, mara moja, na maelezo mafupi chini yake kwamba ni hivyo hadi mwisho.