Mzinga na Kilicho Nyuma Yake: Tahakiki ya Michezo ya Shabaha ya Mashine za Sarafu

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta humu habari za tenzi, za misamiati na za lahaja, na huenda baadhi yao wakashangaa kuona kurasa zikitolewa kwa michezo ya mashine. Nawataka radhi, lakini si sana. Bao letu limeandikiwa na wataalamu wa nchi nyingi, wala hakuna aliyesema kuwa wamepoteza wakati wao. Mchezo ni kazi iliyotungwa. Una mtungaji, una kanuni, una mwanzo na mwisho, na kila kilichotungwa chaweza kuhakikiwa.

Lililonifanya nishike kalamu lilitokea barazani kwa dada yangu huko Kirushya, wilaya ya Ngara. Wazee wawili walikuwa wakicheza igisoro, lile bao la mashimo 32 na kete 64 ambalo twashirikiana na jirani zetu wa Burundi na Rwanda. Kando yao mpwa wangu alikuwa ameinamia simu, akicheza nakala ya mchezo wa kale uitwao Space Invaders, yaani Wavamizi wa Angani. Mzee mmoja alimtazama kwa muda, kisha akamwuliza, "Mjukuu wangu, hao unaowapiga wanakwenda wapi?" Kijana akajibu, "Wanapotea, babu." Mzee akatikisa kichwa. "Kete zikipotea, mchezo unabaki na nini?"

Swali hilo ni la uhakiki, tena ni zuri kuliko mengi niliyoyasoma vitabuni. Lakini kabla ya kulijibu yanipasa kusema neno juu ya jina la mchezo wenyewe, kwa kuwa katika mkoa wetu neno mvamizi si neno la kuchezea. Mwaka 1978, mwaka uleule mashine ya Space Invaders ilipotolewa huko Japani, majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba na kuikalia ardhi yetu iliyo kaskazini ya mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Mwaka 1979 mkoa, ambao zamani uliitwa Ziwa Magharibi, ukapewa jina la mto huo. Sisi wa Ngara na Biharamulo tulikuwa mbali na mapigano yenyewe, ila zamu yetu ilikuja kwa njia nyingine. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakitoka Rwanda ambako vita na mauaji ya kimbari vilikuwa vikiendelea, wakapiga kambi Benako. Aliyeiona barabara ile siku zile hasahau.

Mwalimu mmoja, rafiki yangu tangu ujana, husema kwamba kwa watu walioyaona hayo ni aibu kuwapa watoto mchezo wa kupiga risasi. Namheshimu, wala simcheki. Ila nadhani ameutazama mzinga tu, hakukitazama kilicho nyuma ya mzinga.

Basi na tuutazame mchezo jinsi ulivyoundwa. Mtungaji wake ni Tomohiro Nishikado, fundi wa kampuni ya Taito, ambaye alifanya karibu kazi yote kwa mkono wake: aliunda mashine, akachora picha, akaiandikia kompyuta maagizo yake. Binadamu hawakufanywa kuwa shabaha, kwa kuwa jambo hilo lilionekana halifai. Mahali pao wakawekwa viumbe wa angani wenye maumbo ya pweza, kaa na ngisi. Wavamizi ni 55, wamejipanga safu 5 za 11. Huenda upande mmoja mpaka mmoja wao aguse ukingo wa kioo; hapo wote hushuka hatua moja na kugeuka. Chini yuko mchezaji na mzinga wake, ambao waweza kwenda kushoto na kulia tu, na mbele yake ziko ngome 4. Kila mvamizi wa safu ya juu ana alama 30, wa safu 2 za kati alama 20, na wa safu 2 za chini alama 10. Mwenye kulimaliza kundi zima hupata alama 990, ukiacha kile chombo cha siri kipitacho juu mara kwa mara.

Hayo ni maumbo tu. Ufundi umo katika makatazo. La kwanza ni kwamba risasi ya mchezaji ni moja kwa wakati mmoja: mpaka ile iliyotoka ipige kitu au ipotelee juu ya kioo, kitufe hakisikii. Kwa hiyo kukosa shabaha kuna gharama yake, na gharama hiyo ni muda. Risasi iliyomkosa adui wa mbali humwacha mchezaji mikono mitupu huku mabomu yakimshukia. Lakini adui akikaribia, risasi hurudi upesi na mzinga huwa mwepesi. Yaani hatari inapozidi, ndipo silaha nayo inapopata nguvu. Nimecheza michezo mingi ya siku hizi ambamo risasi hutiririka kama mvua ya masika, na sikuona hata mmoja uliofikiri vizuri hivi juu ya risasi moja.

La pili ni ngome. Mtu angedhani ngome ni kinga tu, lakini hapa huliwa na mabomu ya adui kutoka juu na huliwa na risasi za mwenyewe kutoka chini. Wachezaji hodari hutoboa tundu jembamba katikati ya ngome ili wapigie humo. Kila anayejificha huku akipiga huibomoa nyumba yake mwenyewe.

La tatu, ambalo ndilo limeupa mchezo jina lake katika historia, lilitokea kwa bahati. Kompyuta ndogo ya Intel 8080 iliyomo ndani ya mashine haikuweza kuwasogeza wavamizi wote 55 kwa mara moja. Iliwasogeza mmoja mmoja. Wakipungua, kazi hupungua, na waliosalia hukimbia zaidi. Nishikado aliliona kosa hilo, akaliacha lilivyo. Nazo zile sauti 4 nzito zinazolia chini kwa chini kama ngoma huharakishwa, mpaka mchezaji husikia moyo wake umeingia katika mdundo. Ni mara chache kuona udhaifu wa chombo ukifanywa kanuni ya sanaa kwa uamuzi wa busara namna hii.

Hapo ndipo twaweza kumjibu yule mzee. Katika igisoro, kama katika bao la pwani, kete iliyotekwa haifi. Hupandwa tena upande wa aliyeiteka, na hesabu ya kete 64 haibadiliki tangu mwanzo hata mwisho. Katika Space Invaders aliyepigwa hutoweka, lakini mwendo wake hurithiwa na wenzake. Wa mwisho hukimbia kana kwamba amebeba miguu ya wale 54 waliomtangulia. Kwa hiyo si kweli kwamba kinachopotea hakibaki na kitu. Kinabaki, tena kinamrudia aliyekipoteza. Nilimweleza mzee hivyo jioni ileile. Alisema ni kanuni nzuri, ila imefichwa mno.

Yafaa pia kulitazama neno tunalotumia. Shabaha kwa Kiswahili ni kile kinacholengwa, na shabaha pia ni kusudi la moyo. Katika michezo mibaya ya aina hii shabaha hizo mbili ni kitu kimoja: kusudi ni kumpiga anayeonekana, basi. Katika ile iliyo mizuri shabaha ya jicho iko juu ya kioo, na shabaha ya moyo iko chini, katika kitu kidogo kinacholindwa. Kwa kipimo hicho ndicho napenda kuipima mingine.

Asteroids ya kampuni ya Atari, ya mwaka 1979, ina akili nyingi lakini haina cha kulinda. Jiwe kubwa likipigwa huwa mawili, na kila moja la hayo huwa mawili madogo. Aliyepiga kwa pupa hujikuta amezungukwa na vipande vya hasira yake. Chombo huendelea kuteleza hata moto ukizimwa, na hiyo ni raha kubwa kwa vidole. Ila baada ya saa nzima ya kucheza sikuwa na jambo la kumweleza mtu.

Galaga ya Namco, ya mwaka 1981, ina jambo moja ambalo lingemfaa mtungaji wa hadithi. Adui mmoja hushusha mwali wa kunasa, na chombo cha mchezaji hutekwa. Akiwa bado na chombo kingine, mchezaji aweza kumpiga mtekaji na kumkomboa mateka, na hapo vyombo viwili huungana bega kwa bega na kupiga kwa pamoja. Kwa hiyo wachezaji hodari hujitoa makusudi watekwe. Faida ina tozo yake, maana vyombo viwili ni vipana na hupigwa kwa urahisi. Na ole wake mwenye haraka: risasi ikimpata mateka, amemwua wa kwake.

Defender ya kampuni ya Williams, iliyotungwa na Eugene Jarvis na kutolewa mwaka 1981, ndiyo inayotamka wazi tulilokuwa tukilitafuta. Juu ya ardhi wako watu 10. Maadui huwashukia, huwanyakua, hupanda nao juu. Adui akifika juu na mateka wake hugeuka kuwa mkali kupita mwanzo. Ukimpiga kabla hajafika, yule mtu huanguka, na yakupasa umdake na kumrudisha chini salama. Wote 10 wakipotea, ardhi yenyewe hulipuka na hakuna tena mahali pa kurudi. Nakiri kwamba mchezo huu umenishinda. Una kijiti cha kupanda na kushuka na vitufe 5, na mtu wa makamo hana vidole vya kutosha. Hilo ni kosa la kweli, kwa maana wazo lililo jema limefungiwa nyuma ya mlango ambao wengi hawataufungua.

Missile Command ya Atari, ya mwaka 1980, naiweka juu ya yote. Mtungaji wake, Dave Theurer, aliitunga katika siku ambazo mataifa makubwa yalikuwa yakielekezeana makombora, na amesimulia kwamba kazi hiyo ilimletea ndoto mbaya za miji ikiteketea. Chini ya kioo ipo miji 6 na vituo 3 vya ulinzi, kila kimoja na makombora 10. Mistari ya moto hushuka kutoka juu. Mara nyingi mchezaji hampigi adui mwenyewe, kwa kuwa aghalabu adui haonekani. Hupiga mahali ambapo kombora litafika baadaye kidogo, na mlipuko wake hutanuka polepole na kufifia polepole. Shabaha hapa ni ya wakati kama ilivyo ya mahali. Makombora huisha, na lazima kuamua ni mji upi uachwe. Hili la kuamua ndilo linalouma. Mara ya kwanza niliuacha mji wa pembeni bila kufikiri. Mara ya pili nilisita, nikapoteza miwili.

Na michezo hii yote haina ushindi. Ukilimaliza kundi la wavamizi, lingine huja, tena limeanza chini zaidi. Mchezaji huahirisha tu. Wako wanaosema kuwa hiyo ni hila ya mwenye mashine ili sarafu ziendelee kuingia, nao hawakukosea. Biashara ndiyo iliyolipia sanaa hii. Hata hivyo mchezo usio na ushindi hauwezi kumdanganya mtoto kwamba vita huleta utukufu. Michezo iliyofuata ilipoteza adabu hiyo. Gradius ya Konami, ya mwaka 1985, humpa mchezaji silaha juu ya silaha, kisha akianguka humnyang'anya zote na kumrudisha katika vita vilevile mikono mitupu. Aliyekwisha tajirika huendelea kwa raha, na aliyeanguka hainuki tena. Ni mchezo mzuri wa macho, lakini haki yake ni ndogo.

Sikupata kuziona mashine zenyewe katika wilaya zetu, wala sijui kama ingewezekana. Zilipokuwa zikivuma ulimwenguni Tanzania Bara haikuwa hata na kituo cha televisheni, na vya kwanza vilianza mwaka 1994. Nakala za simu zinatutosha kwa uhakiki, ijapokuwa kidole juu ya kioo laini hakipati ule ukinzani wa kitufe, nacho hufunika nusu ya ngome anayotaka kuilinda.

Rafiki yangu mwalimu nilimpa simu ya mpwa wangu, nikamwekea Missile Command bila kumwambia jina lake. Alicheza kimya. Miji ilipokwisha yote, badala ya maneno ya kawaida ya kumaliza mchezo, kioo kilijaa mlipuko mmoja mkubwa wenye maneno mawili ya Kiingereza ambayo kwetu ni neno moja tu: Mwisho. Akaomba aanze tena. Alicheza mara tatu, na mara ya tatu aliulinda mji mmoja kwa muda mrefu, akiacha mingine yote. Shuleni kwake bado hajauruhusu, naye ndiye mwalimu mkuu.